Moyo hauoti kama mkia wa mjusi

Wadau, kimya cha wiki tatu kilikuwa na sababu. Nilikuwa nashinda Tandika kwa baba yangu mdogo, na usiku nikirudi chumbani nasoma habari za moyo. Si moyo wa mapenzi, huo wenye nyimbo zake wapo. Ni moyo huu wa nyama, unaodunda kifuani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2023 Ba'mdogo alibanwa kifua akiwa kwenye meza yake ya mitumba sokoni. Jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukawa mzito kama amebebeshwa mzigo. Duka la dawa la jirani wakamwambia ni gesi, wakampa vidonge vya kutafuna, akarudi nyumbani akalala. Kesho yake ndipo mama mdogo alipomkokota hospitali. Wakampima umeme wa moyo, wakamwambia: mzee, jana ulipata mshtuko wa moyo. Siku chache baadaye wakamfanyia kipimo cha eko na daktari akamwonyesha kwenye skrini. Hapa ukuta wa moyo unacheza vizuri. Hapa hauchezi, hapa panageuka kovu.

"Sasa hilo kovu litaondoka lini, daktari?"

Haliondoki. Ndivyo alivyojibiwa.

Jioni moja tumekaa barazani, ukutani kuna mjusi ambaye paka wa jirani alikuwa amemkata mkia mwezi mmoja nyuma. Mkia umeshaota. Ba'mdogo akamtazama weee, halafu akanigeukia: "Mwandishi, hebu niambie. Huyu mdudu ana nini ambacho mimi sina?" Nikacheka. Sikuwa na jibu.

Swali lingeishia pale barazani kama asingetokea jamaa mmoja na kopo lake. Kopo la unga, shilingi laki moja na elfu themanini, eti linaotesha upya seli za moyo. Na sharti lake: uache vidonge vya hospitali, kwa sababu "kemikali zinazuia seli kuota". Ba'mdogo, mtu anayebishania shati la elfu mbili kwa nusu saa, akalipa bila kuomba punguzo. Miezi miwili baadaye miguu imevimba hadi viatu haviingii, na usiku hawezi kulala bila mito mitatu. Hapo ndipo nilipoitwa.

Basi nikajipa kazi ya kujua jambo moja: hii habari ya moyo kuota upya imetoka wapi, nani aliisema wa kwanza, na imefikia wapi. Nimekuta historia ndefu, na kipande kikubwa chake kimepita hapa hapa kwetu Afrika Mashariki.

Tuanze na kovu lenyewe, maana nilikuwa nadhani ni adui tu. Mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo ukiziba, sehemu ile inakosa hewa na ndani ya saa chache inakufa. Mwili unatuma wasafishaji wale nyama iliyokufa. Baada ya siku kadhaa ukuta wa moyo pale mahali unakuwa laini, na hizo ndizo siku ambazo moyo unaweza hata kupasuka. Kisha seli zinazoitwa faibroblasti zinaingia na kuanza kusuka nyuzi ngumu za kolajeni, kama fundi anayeziba ukuta uliobomoka kwa saruji kwa sababu matofali yameisha. Hilo ndilo kovu. Bila kovu Ba'mdogo asingemaliza wiki mbili. Ubaya wake ni kwamba saruji haidundi. Msuli uliobaki unafanya kazi ya wawili, unachoka, moyo unatanuka, na miaka inavyokwenda maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Yaani kitu kilekile kilichomwokoa ndicho kinachommaliza polepole.

Mwaka 1939 madaktari watatu wa Boston, Kenneth Mallory, Paul Dudley White na Jorge Salcedo-Salgar, walichapisha uchunguzi wa mioyo 72 ya watu waliokufa baada ya mshtuko wa aina hii. Walitaka kujua kovu linachukua muda gani kukomaa. Jibu lao: jeraha dogo wiki tano hivi, kubwa miezi miwili. Dunia ya madaktari ikachukua hesabu ile na kuifanya sheria: mgonjwa alazwe kitandani wiki sita, asijigeuze, wengine walikuwa wanalishwa kwa kijiko. Wengi wakafa kwa damu kuganda miguuni kutokana na kule kulala. Mpaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown, hukohuko Boston, walipothubutu kuwakalisha wagonjwa kwenye kiti cha mikono. Kiti tu! Nilipomsimulia Ba'mdogo akasema hata yeye angelazwa wiki sita angekufa kwa kuiwaza meza yake sokoni.

Na huku kwetu? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu historia yetu ya moyo ilianzia kwenye kovu la aina nyingine kabisa.

Hospitali ya Mulago, Kampala, miaka ya 1940. Daktari wa kuchunguza maiti, Mwingereza John Davies, akifundisha Makerere, anakutana na mioyo ambayo hakuna kitabu cha Ulaya kilichomweleza. Mishipa ya damu ni mizima. Hakuna kilichoziba. Lakini ukipasua chumba cha moyo, utando wa ndani umegeuka kovu jeupe, nene, gumu, limejaa toka nchani kwenda juu mpaka chumba kinakosa nafasi ya kubeba damu. Wagonjwa wenyewe ni watoto na vijana, tumbo limejaa maji, uso umevimba. Mwaka 1948 Davies akaandika habari hiyo kwenye jarida la madaktari la Afrika Mashariki, na ugonjwa ukapata jina: endomayokadia faibrosisi. Madaktari wanaukatisha, wanauita EMF. Mwaka 1954 akiwa na wenzake Ball na Williams wakaandika tena, kwa upana zaidi, namna ya kuutambua kwa mtu aliye hai.

Minyoo ilishukiwa. Muhogo ukashukiwa. Madini ya kwenye udongo yakashukiwa. Umaskini nao haukuachwa. Mpaka leo naandika, miaka zaidi ya 75 baadaye, chanzo chake hakijathibitishwa. Mwaka 2008 Mmozambiki, Daktari Ana Olga Mocumbi, na wenzake walichapisha kazi yao ya Inharrime, kijijini kusini mwa Msumbiji. Walipima watu 1,063 kwa eko, watu wa kawaida tu majumbani kwao, na karibu mmoja katika kila watano alikuwa na dalili za kovu hilo. Mmoja kati ya watano! Wengi wao hawakuwa wanajisikia kuumwa. Ukiniuliza mimi, ugonjwa huo ungekuwa wa Boston chanzo chake kingeshajulikana zamani. Hayo ni maoni yangu, mnaweza kunipinga.

Upande wa pili, ugonjwa uliompata Ba'mdogo ulikuwa haba sana huku kwa Waafrika enzi hizo. Haba kiasi kwamba mwaka 1956 Hugh Trowell, daktari aliyekuwa amekaa Uganda na Kenya miaka mingi, alipokutana na Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, yeye na mwenzake Singh walimwandikia makala nzima kwenye jarida lilelile. Mgonjwa mmoja, makala nzima. Leo nenda kliniki yoyote ya moyo Dar asubuhi na mapema ukaone benchi. JKCI, taasisi ya moyo iliyoanzishwa 2015 pale Muhimbili, sasa ina hospitali nyingine ya Dar Group karibu na Tazara, wilaya yetu hii hii ya Temeke. Presha, sukari, chipsi na kukaa: tumeshika mwendo wa wenzetu na magonjwa yao tumeyachukua njiani, na yetu ya zamani hatujayaacha.

Nisipite bila kulitaja kovu la tatu, maana hili linaua watoto wa Mbagala na Gulu sawasawa. Mtoto anaumwa koo, bakteria wa koo, halijatibiwa. Kinga ya mwili inachanganyikiwa na kuanza kushambulia milango ya moyo. Milango inapona kwa kovu, inakakamaa, haifungi wala haifunguki vizuri. Mwaka 2021 watafiti, akiwemo Emmy Okello wa Uganda, walitoa matokeo ya watoto 818 wa kaskazini mwa Uganda ambao ugonjwa ulikuwa umeanza lakini haujajitokeza. Nusu walichomwa penisilini kila mwezi kwa miaka miwili. Waliochomwa, ugonjwa ulizidi kwa watatu tu. Wasiochomwa, 33. Sindano ile ni ya zamani sana na bei yake ni ndogo. Kovu ambalo halijatokea halihitaji kufutwa.

Haya, turudi kwa mjusi.

Kwanza, huyo mjusi mwenyewe anatudanganya kidogo. Mkia anaootesha si ule wa mwanzo, ndani yake hauna mifupa ya uti wa mgongo, una bomba la gegedu tu. Bingwa wa kweli ni kisamaki cha majini cha huko Asia Kusini, kina milia kama pundamilia, watu hukifuga kwenye vioo sebuleni. Mwaka 2002 Kenneth Poss na wenzake kule Marekani walikikata ncha ya moyo, kama sehemu moja katika tano za kile chumba kinachosukuma damu. Baada ya miezi miwili moyo ulikuwa umerudi. Msuli, si kovu.

Lakini mwaka mmoja kabla ya samaki, 2001, kulikuwa na habari kubwa zaidi. Piero Anversa, mtafiti Mtaliano aliyekuwa New York, na wenzake walitangaza kwenye jarida la Nature kwamba wamedunga seli shina za uboho kwenye mioyo ya panya iliyojeruhiwa, na ndani ya siku tisa asilimia 68 ya sehemu iliyokufa ilikuwa imejaa msuli mpya. Siku tisa! Dunia ikasimama. Hospitali za Ulaya na Marekani zikaanza kuwadunga wagonjwa wenyewe, binadamu. Anversa akapanda vyeo, akahamia Harvard.

Mwaka 2004 maabara mbili tofauti zikajaribu kurudia kazi ile. Seli za uboho zilibaki kuwa za damu, hazikugeuka moyo. Kukawa na mabishano ya miaka. Mwaka 2017 hospitali ya Brigham ya Boston alikokuwa anafanyia kazi ikakubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 10 kumaliza madai kwamba fedha za utafiti zilipatikana kwa takwimu za uongo. Mwaka 2018 Harvard na Brigham wakayataka majarida yafute makala 31 za maabara yake. Thelathini na moja. Mimi mhariri wangu akinikamata na uongo kwenye habari moja, kesho yake natafuta kazi nyingine.

Mnaona sasa kopo la Tandika limetokea wapi? Yule jamaa hakubuni maneno yake. Karatasi aliyompa Ba'mdogo ina "seli shina", ina "utafiti wa Marekani". Uongo ulishafutwa kule ulikozaliwa, lakini ulikuwa umeshasafiri, na huku ndiko ulikopata mnunuzi.

Ukweli wenyewe ulipatikana kwa njia ambayo sikuitegemea kabisa: mabomu ya nyuklia. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 mataifa makubwa yalikuwa yanalipua mabomu ya majaribio hewani, na hewa ya dunia nzima ikajaa kaboni-14 kuliko kawaida. Baada ya mkataba wa 1963 ikaanza kupungua. Mimea iliivuta, sisi tukala mimea, ikaingia kwenye seli zetu, na kila seli ilipozaliwa ikabeba kiwango cha mwaka wake kama muhuri. Mwaka 2009 Wasweden, maabara ya Jonas Frisén ya taasisi ya Karolinska, wakasoma mihuri hiyo kwenye mioyo ya watu waliofariki. Jibu: seli za msuli wa moyo zinazaliwa upya, lakini ni asilimia 1 hivi kwa mwaka ukiwa na miaka 25, na chini ya nusu ya hapo ukifika 75. Mpaka unakufa, zaidi ya nusu ya seli za moyo wako ni zile ulizokuwa nazo tangu utotoni. Mshtuko mmoja mkubwa unaweza kuua seli bilioni moja. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa nini mwili wetu umekubali biashara mbaya namna hii? Fununu ya jibu ilitoka Dallas mwaka 2011, maabara za Hesham Sadek na Eric Olson. Walikata ncha ya moyo wa kitoto cha panya cha siku moja, moyo ukaota wote. Wakafanya hivyo kwa kitoto cha siku saba, likaja kovu. Kumbe hata sisi wanyonyeshao tunazaliwa na uwezo wa samaki, tunaupoteza ndani ya wiki. Mwaka 2016 madaktari wa Austria waliandika habari za mtoto mchanga aliyepata mshtuko mkubwa wa moyo mara tu alipozaliwa, na moyo wake ukarudi kufanya kazi kama kawaida.

Sadek akadhani tatizo ni hewa yenyewe tunayoanza kuvuta tukizaliwa, oksijeni nyingi inayozichosha seli mpaka zinaacha kugawanyika. Mwaka 2017 wakawaweka panya wakubwa, wenye mioyo iliyojeruhiwa, kwenye hewa iliyopunguzwa taratibu mpaka asilimia 7 ya oksijeni, na seli zao zikaanza tena kugawanyika. Asilimia 7 ni kama kilele cha Everest. Kileleni Kilimanjaro ni afadhali, hewa ni nusu hivi ya ile ya ufukwe wa Kigamboni. Nawaomba sana msimpandishe mgonjwa wa moyo mlimani kwa sababu ya aya hii.

Nimewawekea mwishoni kiumbe niliyempenda kuliko wote, na ni wa hapa jirani. Kwenye majabali ya Laikipia, Kenya, kuna panya mwenye manyoya magumu kama miiba mgongoni. Jamii yake wapo hadi Tanzania. Ukimshika, ngozi inabaki mkononi mwako na yeye anakimbia. Mtafiti Mmarekani, Ashley Seifert, aliwakamata eneo la kituo cha utafiti cha Mpala na kuwachunguza, na 2012 matokeo yakatoka Nature. Ngozi ya panya huyo ni dhaifu mara 20 kuliko ya panya wa kawaida, anaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongoni. Halafu inaota. Si kovu, ngozi kamili na manyoya yake. Wakamtoboa sikio tundu la milimita 4, likaziba pamoja na gegedu na vinyweleo vyote. Na huyu si samaki wala mjusi. Ananyonyesha kama sisi.

Lazima mtu angeuliza: na moyo wake? Mwaka 2021 vikundi viwili, kimoja cha Kentucky ambako Seifert anafundisha, kingine cha Utrecht, Uholanzi, vilitoa majibu. Walitumia ndugu yake wa kufugwa maabara, ambaye jina lake la kisayansi linatokana na Cairo. Wakamziba mshipa wa moyo, yaani wakampa ugonjwa wa Ba'mdogo. Panya wa kawaida wakapata kovu kubwa na mioyo ikatanuka. Huyu wa miiba akapata kovu dogo, moyo wake ukafanya kazi vizuri zaidi, na kwenye utafiti wa Utrecht wengi zaidi wakaishi. Niseme wazi: hakuotesha moyo mpya. Kovu lilikuwepo. Lakini hata kovu pungufu, kwa mnyonyeshaji mzima, ni jambo ambalo halikuwa limezoeleka.

Dawa ya binadamu iliyotokana na panya huyo haipo. Haipo dukani, haipo kwenye kopo.

Iliyopo ni ile aliyoacha Ba'mdogo. Miaka ya 1970 wanakemia walitengeneza kidonge cha captopril baada ya kusoma sumu ya nyoka mmoja wa Brazil ambayo inashusha presha. Marc Pfeffer wa Boston akaona kwa panya kwamba kidonge hicho kinazuia moyo wenye kovu usitanuke. Mwaka 1992 akatoa matokeo ya wagonjwa 2,231: waliokimeza, vifo vilipungua kwa asilimia 19. Kovu liko palepale, ila msuli uliobaki unapunguziwa mzigo. Kidonge anachoandikiwa Ba'mdogo ni enalapril, mdogo wake captopril. Mama mdogo ananiambia ananunua kwa bei isiyofika hata robo ya robo ya lile kopo kwa mwezi.

Nilimweleza Ba'mdogo haya yote kwa jioni tatu. Ya samaki alisikiliza. Ya Harvard alinyamaza kimya kirefu, halafu akauliza kama yule Mtaliano alirudisha hela za watu. Ya panya wa Laikipia aliyapenda sana, akataka kujua kama panya naye ana presha.

Kliniki walimrudishia vidonge na kumwongezea cha kutoa maji. Miguu imepungua, mito imebaki miwili. Asubuhi anafika sokoni, ila mabelo anabebewa na kijana. Kopo amelimwaga, sasa linakaa pembeni ya mashati, anawekea chenji.